KENGELE YA MISHAHARA ILIE MAPEMA

Ndugu wafanyakazi, siku hizi katika viwanda na mashamba mengi mshahara hautoki tena mkononi mwa karani. Kompyuta ndiyo inayohesabu siku za kazi, kukata michango ya uzeeni na kupeleka fedha benki au kwenye simu. Malipo yaliyokwama, labda kwa sababu namba moja imekosewa, huwekwa kando katika foleni ya makosa mpaka mtu ayatazame.

Foleni hiyo haina sauti mpaka ipewe kengele. Fundi huambiwa: makosa yakifika kiasi fulani, kengele ilie. Tuseme kiasi hicho ni 100. Basi wafanyakazi 99 wanaweza kukosa mshahara, na ofisi isisikie lolote. Nani aliyeamua kwamba jamaa 99 za watu wenye njaa si kitu? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Swali hili si la mafundi peke yao. Ni letu pia.

Wako watakaosema: basi kengele ilie kwa kila jambo. Hatukubali. Tarehe 24 Julai 1994 mlipuko ulitokea katika kiwanda cha kusafisha mafuta huko Milford Haven, Wales. Katika dakika 11 za mwisho kabla yake, wafanyakazi wawili wa zamu walimiminiwa kengele 275. Nani angeweza kuchagua iliyo muhimu? Watu 26 waliumia.

Na onyo lisilo na mtu wa kulipokea halifai kitu. Tarehe 1 Agosti 2012 huko Marekani, kompyuta za Knight Capital, kampuni ya kununua na kuuza hisa, zilituma barua pepe 97 zenye kutaja kosa kabla soko halijafunguliwa. Barua hizo hazikupangwa kuwa kengele, wala hazikushughulikiwa. Soko lilipofunguliwa, katika dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kwa mshahara, kosa moja litoshe kupiga kengele. Pili, katika malipo mengine kengele isipime idadi tu, ipime na muda: lililokwama tangu jana lilie hata likiwa peke yake. Tatu, kila kengele iwe na mtu wake katika kila zamu, mwenye ruhusa ya kurekebisha. Nne, hitilafu ndogo zinazojirekebisha zenyewe ziandikwe tu, zisipige kelele.

Waajiri watasema haya ni mambo ya kompyuta. Sisi tunasema ni mambo ya mshahara, na mshahara ni jambo la chama. Viongozi wa matawi wayatie katika mkataba wa hali bora, na kila mfanyakazi aulize kazini kwake: kengele yetu hulia kwenye ngapi?