Mzee Asiye na wa Kumsindikiza

Ukigusia huduma za wazee Igogwe, au popote wilayani Rungwe, jibu la kwanza ni kwamba Mnyakyusa hamtupi mzazi wake. Ni kweli, kwa mzee mwenye watoto. Lakini yupo mjane aliyezika wanawe wote, na mashemeji wanalitolea macho shamba la migomba aliloachiwa na mumewe. Utafiti wa VVU wa 2016–2017 uliukuta Mkoa wetu wa Mbeya na maambukizi ya zaidi ya asilimia 9 kwa watu wazima, wakati kitaifa yalikuwa karibu 5. Nyuma ya takwimu hizo wako mabibi waliobaki kulea wajukuu katika umri ambao wao ndio walipaswa kulelewa. Hakuna aliyewatupa. Waliotakiwa kuwatunza wako makaburini. Na mila yenyewe haikuegemea damu peke yake: Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1930, aliwakuta Wanyakyusa wakiishi katika vijiji vya rika, na ujirani ukiwa na uzito wake kando ya ukoo.

Wengine watakwambia mzee anatibiwa bure, sasa mnataka nini tena? Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua kuwa mzee mwenye miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo anastahili msamaha wa malipo. Msamaha huo naupokea kwa mikono miwili. Ila ili aupate, mzee lazima atambuliwe kijijini na apewe kitambulisho, na huko ndiko asiye na mtetezi anakosahaulika. Akikipata, kinamwondolea ada, hakimlipii bodaboda ya kumshusha mlimani wakati wa mvua, wala dawa anayoambiwa akanunue nje. Igogwe kuna hospitali ya Kanisa Katoliki. Ile ya wilaya, Makandana, iko Tukuyu mjini. Katika hospitali za mashirika ya dini, msamaha wa serikali kwa kawaida hutegemea makubaliano na halmashauri, kwa hiyo kitanda kilicho karibu si lazima kiwe cha bure.

Tuseme amelazwa. Wodi zetu nyingi zinaendeshwa kwa kutegemea ndugu wa mgonjwa: ndugu ndiye anayeleta uji, anayemwogesha, anayefua shuka, anayekimbilia duka la dawa, anayemwita nesi usiku. Nesi mmoja mwenye wodi nzima hawezi kuyafanya yote hayo. Mzee asiye na mtu analala kitanda kilekile na kuandikiwa dawa ileile, kisha anasubiri huruma ya ndugu wa mgonjwa wa jirani. Kuna wanaoikwepa hospitali kwa sababu hii, wakafia nyumbani na ugonjwa unaotibika.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema haki ni foleni moja kwa wote. Anayeitwa jina naye hasikii, anapitwa na zamu yake. Bibi aliyezoea Kinyakyusa tu anaitikia “ndiyo” kwa maelezo ya dawa ambayo hakuyaelewa. Asiyeona hawezi kusoma bango linalosema wazee wahudumiwe kwanza.

Kuhusu dai kwamba macho mekundu ya mzee ni dalili ya uchawi, sitasema mengi. Macho ya bibi aliyepika kwa kuni miaka hamsini huwa mekundu kwa moshi. Serikali ililazimika kuandaa mkakati wa kutokomeza mauaji ya wazee kwa miaka ya 2018/19 hadi 2022/23, na anayeendelea kunong’ona dai hilo kijijini anahatarisha uhai wa mtu.

Linabaki la fedha. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyefika miaka 70, awe na watoto au asiwe nao, awe aliwahi kuajiriwa au la. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini hakuna aliyelazimika kujieleza kwamba ni fukara. Igogwe tunaweza kuanza na kidogo kuliko hicho. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakipita nyumba kwa nyumba, waandike kila mzee anayeishi peke yake, lugha anayoielewa, kama anasikia na kuona, na jina la jirani aliyekubali kukaa naye wodini. Pasipopatikana jirani, halmashauri iweke mtu na imlipe.