Haki ya Marehemu, Uhai wa Jirani

Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, kilomita 30 hivi kutoka mji wa Beni, watu wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, walipewa amri ambayo ni vigumu raia yeyote kuipokea: msiguse maiti wenu. Msiwaoshe, msiwavike, msiwalaze nyumbani hata usiku mmoja wa kungojea ndugu walio mbali. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamefariki. Tangu hapo umerudi zaidi ya mara moja: Februari 2021 upande wa Butembo, Oktoba mwaka huohuo Beni, na Agosti 2022 Beni tena. Kwa hiyo swali lililozaliwa na amri ile bado liko mlangoni petu: serikali inapookoa walio hai, ina mamlaka kiasi gani juu ya wafu wao? Ninachotetea hapa ni kwamba ina mamlaka juu ya namna ya kuzika, lakini haina mamlaka juu ya haki yenyewe ya mtu kuzikwa na watu wake. Mpaka kati ya mambo hayo mawili haukuchorwa na itifaki ya madaktari wala na amri ya gavana. Umechorwa na sheria ya asili ya maadili, ambayo madaktari na magavana nao wako chini yake.

Sheria hiyo isidhaniwe kuwa fumbo la seminari. Inasema kwamba akili ya binadamu, hata kabla ya kufungua kitabu, inatambua mema fulani ya msingi ambayo mtu hawezi kuyakanyaga asiukanyage utu wake. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliyapanga kwa kufuata maelekeo ya mtu mwenyewe: kuulinda uhai, kuzaa na kulea, kuishi na wenzake, kuutafuta ukweli. Karne nyingi kabla yake Aristotle, alipotaka mfano wa haki isiyotungwa na mfalme yeyote, alichukua mfano wa maziko: Antigone, binti katika tamthilia ya Sophocles, aliyemzika kaka yake kinyume cha amri ya mtawala Creon. Wapo ambao wangependa kuishia hapo, Butembo iwe Antigone na watu wa riposte, yaani mapambano rasmi dhidi ya Ebola, wawe Creon. Mfano huo hautoshi. Creon alikataza maziko ili amdhalilishe aliyekufa, ilhali amri ya Ebola ilikataza kugusa ili mtoto asimfuate mama yake kaburini. Antigone alihatarisha uhai wake mwenyewe. Anayeosha maiti ya Ebola anauhatarisha pia uhai wa jirani ambaye hakuulizwa.

Hatari yenyewe haina ubishi. Mgonjwa wa Ebola anapokata roho, virusi mwilini mwake huwa vimefikia wingi mkubwa, na kifo hakiviui papo hapo. Utafiti wa maabara kwa kutumia mizoga ya nyani umeonyesha virusi vikiwa bado hai siku 7 baada ya kifo. Huko Guinea, katika mlipuko wa mwaka 2014, ilikadiriwa kwamba visa 6 kati ya 10 vilihusiana na mazishi. Basi aliyekataza kuosha maiti hakuivunja sheria ya asili. Aliitii katika agizo lake la kwanza, la kuulinda uhai. Na hapa Thoma anatupa tofauti yenye msaada mkubwa. Yako mambo ambayo akili inayafikia moja kwa moja kutoka katika misingi, na yako mengine ambayo ni namna tu ya kuitekeleza misingi hiyo, iliyopangwa na watu wa mahali fulani. Kwamba marehemu aheshimiwe ni la kwanza. Kwamba heshima hiyo ipitie maji, sabuni na mikono ya shangazi ni la pili, na la pili linaweza kubadilika pale linapoua. Waislamu wa Beni wanalijua hilo kwa njia yao: fikihi inaruhusu maiti kufanyiwa tayamamu pale maji yanapoleta madhara, na pale ambapo hata hilo haliwezekani dharura inahesabiwa. Hakuna sheikh makini atakayesema kwamba marehemu huyo amezikwa bila heshima.

Lakini sehemu ambayo haibadiliki ina uzito wake, na ndiyo iliyovunjwa katika miezi ya mwanzo. Familia ililetewa mfuko uliofungwa, ukabebwa na watu isiowajua, wamefunikwa nguo za kinga hadi macho. Haikumwona aliyemo. Wengine walikuwa wamempeleka mgonjwa kituoni akitembea kwa miguu yake, kisha wakaitwa kumfuata akiwa ndani ya plastiki. Je, ni ajabu kwamba ulienea uvumi wa viungo kukatwa na majeneza kujazwa mawe? Uvumi ule ulikuwa wa uongo, na ulisababisha vifo. Ila ulikuwa umejaza pengo ambamo ukweli ulipaswa kukaa. Mtu ana haki ya asili ya kujua kama anayezikwa ni wake kweli, na kama kaburi hili ndilo lenyewe, kwa sababu bila ujuzi huo kuomboleza kunageuka kuwa kushuku. Oktoba 2018 wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walipigwa mawe Butembo wakiwa katika kazi ya maziko. Hao walikuwa vijana wa humuhumu, waliokubali kufanya kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia. Walibeba hasira iliyostahili kuelekezwa kwa wale waliopanga utaratibu bila kuwauliza wafiwa.

Shuku hiyo ilikuwa na historia, na anayeipima dhamira ya watu hana budi kuitazama. Uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo Septemba 2018, kwa watu wazima 961, ulikuta kwamba mmoja katika wanne haamini kuwa Ebola ipo, na chini ya theluthi moja tu waliamini kwamba mamlaka za mahali pao zinawatetea. Watu hawa walikuwa wamezika ndugu zao waliochinjwa kwa mapanga tangu Oktoba 2014, wakati jeshi na walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwa karibu. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba kura ya Beni na Butembo itasogezwa hadi Machi 2019, Ebola ikitajwa kuwa moja ya sababu, huku rais mpya akiapishwa Januari. Ugonjwa uliotumika kuwanyima kura haukuweza tena kuonekana kama ugonjwa mtupu. Siku moja baada ya tangazo hilo, waandamanaji wa Beni walikishambulia kituo cha kupokea washukiwa wa Ebola.

Mtu wa afya ya umma ana pingamizi hapa, nalo ni zito. Wakati wa moto, atasema, hakuna muda wa kumshauri mwenye nyumba kuhusu rangi ya pazia. Kila siku ya mazungumzo ina gharama ya uhai, na uhai wa kumi unazidi machozi ya mmoja. Nakubali kwamba muda ni uhai. Sikubali kwamba heshima ndiyo iliyokuwa ikila muda. Shirika la ALIMA lilileta Beni chumba chenye kuta za plastiki angavu, ambamo familia ilimwona mgonjwa wake na kuzungumza naye bila kuambukizwa. Ilikuja pia mifuko ya maiti yenye sehemu angavu usoni. Ndugu wakaruhusiwa kusimama kwa umbali, kuchagua mahali pa kaburi, kumleta padri, mchungaji au imamu wao. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichompa kirusi njia mpya. Inamaanisha kwamba kule kunyima kwa mwanzo hakukudaiwa na uhai. Kulitokana na haraka na mazoea ya kuamua kutoka mbali. Na hata kama familia zote zingenyamaza, hata kama hakuna jiwe lingerushwa, kumzika mtu bila watu wake kumwona kungebaki kosa. Heshima kwa wafiwa inasaidia kuzuia ugonjwa, na nafurahi kwamba inasaidia, lakini wanaidai kwa sababu ni haki yao.

Sheria hiyohiyo inawafunga wafiwa pia, na hili linasemwa kwa nadra mno katika miji yetu. Familia iliyoficha maiti, ikaiosha usiku na kuwaita majirani kwenye kilio bila kuwaambia marehemu aliugua nini, iliwatumia majirani hao kama nyenzo ya faraja yake. Haikuwa na haki hiyo, hata kama serikali ilikuwa imeisaliti mara mia. Na waliochoma vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo mwishoni mwa Februari 2019, wagonjwa wakiwa ndani, na wale waliomuua daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni, tarehe 19 Aprili 2019 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, hawawezi kuitaja dhuluma yoyote kama kibali. Kumuua asiye na hatia makusudi kunakatazwa katika kila hali. Hapo hakuna hesabu ya uzito wa sababu, na ni mahali hapo hasa ambapo sheria ya asili inatofautiana na siasa ya kulipizana.

Wengine watauliza: sheria hiyo ni ya nani? Ni ya Kanisa, ni ya Ulaya, na katika mji wenye mchanganyiko wa imani kila mmoja ataitafsiri kwa faida yake. Kutofautiana kuhusu matumizi ni kweli, na makala hii yenyewe ni ushahidi. Lakini itazame Butembo ya wakati ule. Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu na watu wa desturi za Kinande hawakutofautiana hata kidogo juu ya msingi: maiti hatupwi. Mbishano wao wote na riposte ulikuwa ndani ya kanuni hiyo. Watu wasiokubaliana kuhusu Mungu walikubaliana kuhusu kaburi, wala hawakuhitaji Mzungu kuwafundisha. Bila kanuni ya namna hiyo, malalamiko dhidi ya serikali yangebaki kuwa suala la kupenda na kutopenda, na serikali ingekuwa na haki ya kuyapuuza.

Linabaki pingamizi la mtaani, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Dunia ilitumia mamilioni ya dola kwa ajili ya wafu wa Ebola, ikahesabu kila kaburi. Waliouawa na waasi wa ADF je? Wapo walioozea msituni bila kufunikwa hata na jani, na wapo waliotekwa ambao hatima yao haijulikani: mapadri watatu Waasumpsionisti walichukuliwa Mbau usiku wa tarehe 19 Oktoba 2012, na hawajaonekana tena. Pingamizi hili halimpi mtu ruhusa ya kuosha maiti ya Ebola, kwa sababu dhuluma ya serikali kwa wafu wengine haimlindi mtoto wako na kirusi. Kama mashtaka, hata hivyo, limesimama imara. Kanuni iliyoiruhusu serikali kuingia katika kilio cha Butembo na kusema "tunalinda uhai" inaidai serikali hiyohiyo iingie katika misitu ya Beni kuulinda uhai uleule, na ikishindwa, iende kuwatafuta waliokufa, iwatambue kwa majina, iandikishe makaburi yao na kuwaonyesha ndugu zao. Kazi hiyo haihitaji chanjo wala maabara. Inahitaji daftari, walinzi wa njiani, wataalamu wachache wa kutambua mabaki, na uamuzi wa Kinshasa. Timu zilizofundishwa kuzika kwa usalama wakati wa Ebola nyingi bado zina watu wake hapa, na kazi hiyo ingeweza kuanza nao.