Misimbo ya Mashine ya Kufulia na Deni la Kiswahili

Wanaisimu wetu wamejadili istilahi za fonolojia hadi zikachakaa, ilhali mashine ya kufulia inapokwama na kuandika "OE" hakuna anayezifasiri herufi hizo. Katika mashine za LG, huo ni ufupisho wa Kiingereza tu: maji machafu hayatoki. "IE" ni maji kutoingia, "dE" ni mlango kutofungika, "UE" ni nguo kurundikana upande mmoja. Samsung nao huandika "5C" pale LG waandikapo "OE".

Dawa ya "OE" aghalabu haimhitaji fundi. Chomoa waya wa umeme, subiri maji yapoe, fungua kifuniko kidogo cha chini mbele, yamwage maji kwa kijipira chake, kisha zungusha chujio ulitoe. Humo mna vifungo, sarafu, pengine soksi ya mtoto. Tazama pia kama mpira wa kutolea maji umekunjika. (Nayo "IE", katika mitaa ya Nairobi yenye mgao wa maji, huenda ikawa ni mfereji mkavu tu!)

Anayesimama mbele ya mashine hiyo mara nyingi ni mfanyakazi wa nyumbani, na ndiye alaumiwaye kwa kuiharibu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kuifaidi. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sioni sababu ya kuwangojea watengenezaji. Wanafunzi wetu wa tafsiri hutafuta matini za mazoezi kila muhula. Wapewe vijitabu hivi.