UCHAMBUZI: Barua ya ruhusa ndiyo mpaka kati ya mwanagenzi na mdukuzi

KILA mwaka wanafunzi wa kozi za kompyuta katika vyuo vya Kericho na Bomet hutoka darasani na bahasha mkononi, wakisaka mahali pa kufanyia mafunzo ya nyanjani. Anayesomea ualimu hupata shule jirani. Anayetaka kujifunza usalama wa mitandao ndiye hubaki akiuliza njia, ilhali anaishi katika eneo ambalo kazi hiyo imejaa tele.

Ushahidi uko Mulot, soko lililo mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok. Kwa miaka kadhaa wapelelezi wa DCI wamekuwa wakiwakamata huko vijana wanaoshukiwa kuteka laini za simu za watu na kukomba akiba zao. Jina la soko limekuwa kama jina la kosa lenyewe, jambo ambalo bila shaka linawakera wafanyabiashara wake wengi wasio na hatia.

Hila hiyo haihitaji mtambo mkubwa. Mlaghai hukusanya jina, nambari ya simu na ya kitambulisho, kisha hupiga akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu, au hushirikiana na mtu mwenye uwezo wa kusajili kadi mpya. Laini ya mwenyewe huzimika ghafla. Kabla hajafika kwa wakala kuuliza kulikoni, nambari ya siri imebadilishwa, pesa zimetolewa na mikopo imechukuliwa kwa jina lake.

Katika maeneo ya majanichai pigo hilo huuma zaidi. Mkulima mdogo hupimiwa majani kituoni kwa mizani ya kielektroniki, kilo zake huingia katika kumbukumbu za kiwanda kinachosimamiwa na KTDA, kiwe Litein, Momul au Mogogosiek, na malipo hupitia benki au chama cha akiba na mikopo kabla ya kuishia, mara nyingi, kwenye simu. Bonasi, ambayo ndiyo karo na ndiyo mabati ya nyumba, hufuata mkondo huo huo.

Mkondo huo una mianya mingi ya kuzibwa, na wa kusaidia kuiziba hawako mbali. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipewa hati yake 2013, na Bomet ikapata chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mnamo 2017.

Mbona basi milango ni mizito? Hofu ya waajiri si ya bure. Meneja yeyote atasita kumkabidhi mgeni wa wiki kumi na mbili funguo za hazina. Ndiyo maana wanafunzi wengi wanaopokelewa huishia kubadilisha wino wa printa na kuvuta nyaya. Hurudi chuoni na kitabu kilichotiwa sahihi, ila hawajagusa walichokwenda kujifunza.

Hofu ya mwanafunzi nayo inapaswa kuwa kubwa zaidi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ilitiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta Mei 2018. Vifungu vyake 26 vilisimamishwa na Mahakama Kuu mwezi huo huo, kisha vikaidhinishwa Februari 2020. Kifungu cha 14 kinamtoza anayevunja ulinzi wa mfumo huku akijua hana idhini faini ya hadi Sh5 milioni, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Kwamba alitaka tu kuonyesha udhaifu wa mfumo si kinga. Kinachotazamwa ni idhini.

Kwa hivyo barua ya chuo ya kumwombea mwanafunzi nafasi haitoshi. Mwajiri anapaswa kuandika ni mfumo upi utaguswa, kuanzia lini hadi lini, chini ya usimamizi wa nani, na kipi ni mwiko. Hati hiyo inamfaa yeye pia, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamdai alinde taarifa za wakulima alizo nazo.

Tena kazi nyingi ya maana haihitaji funguo zozote za hazina. Mwanafunzi anaweza kufanya majaribio kwenye nakala ya mfumo yenye majina ya kubuni. Anaweza kupekua orodha ya makarani walioacha kazi lakini nywila zao bado zinafungua milango. Uchafu wa aina hiyo hujikusanya ofisini pasipo mtu kuuona. Anaweza pia kusimama kituoni asubuhi na kuwaeleza wakulima kwa Kikipsigis kwa nini laini inayozimika ghafla ni dharura.

Mwaka wa kifedha wa viwanda vya KTDA hufungwa Juni 30, na bonasi hulipwa miezi michache baadaye. Wanafunzi wengi huwa nyanjani kati ya Mei na Agosti, wakati orodha za malipo hayo zinapoandaliwa.