Acheni Kuvitongoza Vyuo kwa Fiksi

Jamani washikaji, tuambiane ukweli. Barua zetu za kuombea nafasi ya shahada ya uzamili zimekuwa barua za posa za mtu mwongo. Mwombaji mmoja, vyuo vinne, na kila kimoja anakiapia: "Ni ninyi tu, tangu utotoni." Binti akiikuta barua hiyohiyo kwa jirani yake, utatimuliwa na mbwa.

Nasema hivi kwa sababu nami nimo. Niliandikia chuo kimoja cha ng'ambo kwamba nilikua nikisikia simba wa Ngorongoro wakinguruma usiku. Fiksi tupu! Mimi ni mtoto wa Karatu mjini, niliamshwa na honi za mabasi ya Arusha. Kreta niliiona kwanza nikiwa kidato cha tatu, ziara ya shule, tukapita geti la Lodoare tukiimba. Nikawauzia Wazungu utoto wa watu wengine. Mwaka 2022, familia zilipoanza kuhamia Msomera, Handeni, kutoka huko Ngorongoro, aibu ikanishika: maisha yao nilishayageuza nauli yangu ya ndege.

Nilinyimwa nafasi. Haki yangu.

Wapo wanaojitetea: "Usipokisifu chuo, hawakuoni." Wapi! Kusifu ni kitu kimoja, kutaka ni kingine. "Chuo chenu maarufu chenye walimu mahiri": sentensi hiyo utaipeleka Makerere, Mlimani au London bila kubadili hata nukta. Haimpendi mtu yeyote.

Shauku ina anwani. Ukikitaka Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, usiwaambie kwamba kilianzishwa 1984, wanajua. Waambie jinsi mvua za masika zinavyochimba makorongo katika mashamba ya Karatu, na mama anavyopoteza mistari ya mahindi mwaka hadi mwaka. Kisha sema: kwenu mnafundisha sayansi ya udongo, nami nina swali hili. Taja mwalimu ambaye kazi yake umeisoma kweli, si jina ulilookota.

Mnasema hiyo si fasihi? Ndiyo yenyewe! Anayeshindwa kusema kweli katika kurasa mbili za maombi, riwaya ataiandika na nini?

Mimi nimeandika upya. Barua moja, chuo kimoja. Simba hayumo. Mama na korongo lake wamo.