Motokaa Kuukuu na Baridi ya Julai

Kila mwaka ifikapo miezi ya Juni, Julai na Agosti, sauti moja husikika alfajiri katika vilima vya Kitisuru: stata ya motokaa ikikoroma kwa uvivu, mara moja, mara mbili, kisha kimya. Baada ya kimya hicho husikika mlango ukibamizwa kwa hasira. Wenye magari mapya huijua shida hii kwa nadra. Lakini mwenye motokaa ya miaka thelathini au arobaini, yenye kabureta na choki ya kuvuta kwa mkono, anaijua kama anavyomjua jirani mkopaji.

Karibu wote husema neno moja, kwamba ni baridi. Neno hilo lina kweli ndani yake, walakini si kweli yote, na gharama ya kuliamini ovyo ni kubwa. Kitisuru iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku hewa ya baridi huteremka ikalala mabondeni kando ya vijito. Hata hivyo, alfajiri ya Julai mjini Nairobi huwa kwa kawaida na joto la nyuzi 11 au 12 za Selsiasi. Huko Ulaya motokaa za umri ule ule huwashwa penye barafu. Betri nzima hupoteza yapata thuluthi moja ya nguvu zake za kuzungusha injini joto lishukapo hadi sifuri. Kwa baridi ya Nairobi hasara yake ni ndogo kuliko hiyo. Basi gari linaloshindwa na asubuhi ya Kitisuru lilikuwa na ugonjwa tangu zamani, na baridi imeufichua tu.

Msomaji na amfikirie mkulima mwenye pikapu aina ya Peugeot 504, jina lililojipatia sifa kwa kushinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Mkulima huyo analima sukuma wiki na spinachi bondeni, naye hana budi kufika soko la Kangemi kabla hakujapambazuka. Mboga zilizokatwa jioni hazingoji. Akichelewa, wachuuzi wamekwisha nunua kwa wengine, na bei atakayopewa ni ile wanayoitaka wao. Asubuhi mbili mfululizo pikapu inakataa kuwaka. Siku ya tatu anakwenda Kirinyaga Road, ambayo wazee wangali wakiiita Grogan, ananunua betri mpya kwa fedha zilizowekwa kwa ajili ya karo ya mtoto. Asubuhi ya nne na ya tano pikapu inawaka vizuri. Ya sita inakataa tena.

Hapo ndipo anaitwa fundi, naye hafungui kwanza sanduku lake la spana.

"Mzee, washa taa kubwa," anasema, "kisha uzungushe ufunguo, nami nitazitazama taa."

Taa zinafifia mpaka zinakuwa kama kaa linalozimika.

"Unaona, kijana? Hata betri hii mpya nimeuziwa mbovu."

"Ngoja kidogo, mzee wangu."

Fundi anagusa vichwa vya betri kwa ncha za vidole. Vyote viwili ni baridi. Anaufuata ule waya mnene utokao kwenye kichwa hasi mpaka mahali unapofungwa kwenye bodi. Hapo pamepata moto, na boliti imevikwa kutu. Ugonjwa umeonekana. Umeme unaokwenda kwenye stata ni mwingi mno, mara nyingi huzidi ampea 100, na ukikuta kutu njiani hugeuka joto pale pale badala ya kwenda kuzungusha injini. Betri mpya ilifaulu siku mbili kwa sababu ilikuwa imejaa umeme pomoni, ikasukuma kwa nguvu. Ile ya zamani ilikuwa nzima. Kazi yenyewe ya kufungua waya, kuusugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kuufunga tena kwa kuukaza na kupaka grisi haichukui hata nusu saa, nayo huanza kwa kukifungua kichwa hasi cha betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Lakini karo imekwisha tumika.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusikiliza. Stata ikizunguka kwa uchovu, au ikitoa mlio wa ka-ka-ka tu, lawama iko kwa betri, kwa nyaya zake, au kwa oili. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika usiku kucha huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo kwenye kipimo. Ikionyesha 12 tu, karibu imekwisha. Mafundi wengi wanazo mita za kupimia, nao huchukua fedha kidogo sana kuliko muuza betri. Ama oili, wako wenye magari ambao hutia nzito kwa kudhani kwamba injini kuukuu yapenda uzito. Oili ya namba 40 peke yake alfajiri ya Julai huwa kama asali, na stata huhangaika bure. Ile ya 20W-50 huwa nyepesi zaidi wakati wa baridi, na injini ikipata moto bado ina uzito wa kutosha.

Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, hapo betri haina kosa. Msimu huu wa manyunyu na ukungu, unyevu huingia ndani ya kifuniko cha distributa na kukaa juu ya nyaya za plagi, umeme ukapotea kabla ya kufika unapotakiwa. Kitambaa kikavu kimewahi kuokoa asubuhi nyingi kuliko spana.

Iko pia hila ya choki, na hapa madereva hodari hukosea. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, yapata sehemu nne kwa tano ya ile ya Mombasa. Kabureta iliyopimwa kwa nchi za pwani hutoa petroli nyingi mno kwa hewa hiyo ndogo. Mtu akivuta choki yote na kukanyaga pedali ya mafuta mara kumi kwa hasira, plagi hulowa, na harufu ya petroli hujaa kila mahali. Dawa yake ni kuirudisha choki ndani, kukanyaga pedali mpaka chini na kuishikilia hapo bila kuipiga-piga, kisha kuzungusha stata kwa sekunde zisizozidi kumi, kupumzika dakika moja, na kujaribu tena. Atakayeizungusha mfululizo ataimaliza betri na kuiunguza stata, naye atakuwa na magonjwa mawili badala ya moja.

Yapo mambo ya hatari yanayofanywa kwa sababu ya haraka. Wapo wanaowasha kiberiti ili kutazama maji ya betri gizani, hali betri hutoa gesi inayolipuka. Wapo wanaosukuma jiko la makaa chini ya injini ya petroli ili kuipasha moto. Na wapo wanaoiacha motokaa ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa kwa kuogopa baridi. Moshi ule una sumu isiyo na harufu, na umeua watu katika nchi nyingi.

Kitisuru kwa milima yake huwavutia wengi kuwasha gari kwa mteremko: gia ya pili, klachi chini, breki ya mkono inafunguliwa. Njia hiyo hufaa kwa gari lisilo la gia za kujiendesha zenyewe, lakini injini isipowaka, breki ya mguu hukosa msaada wa injini na kuwa ngumu kama jiwe. Na ufunguo ukichomolewa, usukani wa magari mengi hujifunga. Kabla ya kuachia, ni lazima dereva awe na hakika kwamba mteremko unaishia mahali pa wazi tambarare, wala si mtoni wala kwenye makutano na barabara ya Lower Kabete, ambako matatu za kutoka Wangige hupita kwa kasi kabla ya jua kuchomoza. Na jiwe la kuzuia gurudumu libaki mahali pake mpaka awe ameketi, mguu wake uko juu ya breki, ndipo mwenziwe aliondoe.