Matangazo ya bure ya Google: nani atakaa kwa kompyuta?

Leo si mambo ya dansi. Leo tuongee kuhusu dola 10,000.

Hizo ndizo Google huruhusu shirika lisilo la faida litumie kwa matangazo kila mwezi, kwa mpango unaoitwa Google Ad Grants. Ulianza 2003, na Kenya imo. Ukibadilisha, ni zaidi ya shilingi milioni 1.2 kwa mwezi. Ndio maana ukienda semina ya vikundi, iwe Homa Bay mjini au Migori, hakosi msee wa koti atakayesimama aseme, "Kuna pesa za bure huko Google, nyinyi mmelala tu." Akina mama wanaandika kwa daftari. Wanarudi nyumbani na matumaini.

Mimi nasema hivi: mpango ni wa kweli, lakini hamjaambiwa yote.

Kwanza, hizo si pesa. Haziingii M-Pesa, hazinunui sodo wala haziezeki darasa. Ni nafasi ya kuweka matangazo ya maandishi, yale yanayotokea mtu akitafuta kitu kwa Google. Tena yanakaa chini ya matangazo ya waliolipa. Kwa siku hamwezi kupita dola 329. Lazima muwe na tovuti yenu wenyewe, ukurasa wa Facebook hautoshi. Na tangazo lenu likionekana mara 100, angalau watu 5 walibofye. Mkikosa kufika hapo miezi 2 mfululizo, akaunti inaweza kusimamishwa.

Hiyo ya mwisho naijua vizuri sana. Mwaka jana nilisaidia kikundi kimoja cha akina mama upande wa Rongo. Nilikuwa najiona mjanja. Nikaandika matangazo ya kumvutia mtu wa London anayetafuta jinsi ya kusaidia watoto wa Afrika. Sikuwaza kwamba mashirika makubwa ya dunia nzima yanamtafuta mtu huyo huyo. Nani angetubofya sisi? Mwezi wa tatu akaunti ikasimamishwa, na kosa lilikuwa langu. Mama mwenyekiti akaniangalia, akaniuliza polepole, "Nyathina, hizo pesa ulizikula?"

Noma. Sikuwa na jibu fupi.

Baadaye ndio niliona nilipokosea. Tangazo la aina hii linafanya kazi tu kama kuna mtu anatafuta kitu na wewe uko nacho. Badala ya kuuliza "nani atatupa pesa," ningeuliza, "Nani hapa kwetu anatafuta msaada usiku huu, na akiandika kwa Google anapata nini?"

Chukua msichana wa Kuria, shule zimefungwa Desemba. Sheria ya 2011 inakataza ukeketaji, lakini msimu ukifika bado kuna wasichana wanaokimbia nyumbani. Tuseme amepata simu ya dada yake kwa dakika tano. Anaandika kwamba anaogopa kukeketwa, anataka pa kwenda. Tangazo moja kutoka kwa kikundi cha hapo hapo, lenye namba 116 ya watoto ambayo ni bure, na ukurasa mwepesi unaofunguka hata kwa bando ya kukopa, hilo kwangu lina thamani kuliko wafadhili kumi wa London. Lakini ukurasa huo umweleze pia jinsi ya kufuta alichotafuta kabla hajairudisha simu.

Ama chukua mtu wa Ndhiwa anayetumia ARV. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kaunti zetu, ambazo ziko kati ya zile zenye UKIMWI mwingi zaidi Kenya, zilihisi. Wahudumu wengi waliokuwa wanalipwa na pesa hizo waliambiwa waende nyumbani. Mtu anataka kujua tu: kliniki yangu bado iko wazi siku gani? Nani amemjibu mtandaoni?

Najua kuna mtu atasema, mvuvi wa Remba hatafuti kitu Google, anasikiza redio. Kweli kabisa. Ndio maana napenda hadithi ya kisiwa cha Mfangano. Kituo cha Ekialo Kiona kilianzisha mpango wa kuwapa watu intaneti na kompyuta bure, sharti lake ukubali kupimwa HIV kila baada ya miezi sita. Kikawa na redio pia, EK FM. Ona akili hiyo. Hawakuanza na "Google wanatoa nini?" Walianza na shida ya kisiwa, halafu wakatafuta chombo cha kuibeba.

Sasa tuongee ukweli ambao wakubwa wetu hawapendi. Chombo ni cha bure, lakini mtu wa kukitumia si wa bure. Kuna mtu lazima aingie kila wiki, aangalie maneno gani watu wanaandika, afute yasiyofanya kazi, abadilishe namba ya simu iliyokufa. Mtu huyo kwa kawaida ni kijana wa miaka 21 anayeambiwa, "Wewe jitolee tu, utapata uzoefu." Bajeti ina mafuta ya gari, ina chakula cha semina, ina fulana za siku ya uzinduzi. Ya kijana, hakuna. Akipata kibarua Nairobi anaenda na neno la siri kwa kichwa chake, na akaunti inakufa.

Kwa hivyo viongozi wa vikundi, nawaomba hivi. Hakikisheni karatasi zenu za usajili zinakubalika kabla hamjalipia tovuti. Anzeni na vitu vidogo ambavyo mashirika yaliyothibitishwa hupewa bure: barua pepe za Google zenye jina la shirika lenu, Canva ya kutengeneza mabango. Matangazo yaje baadaye. Na mlipeni kijana mmoja, hata kama ni Ijumaa mchana peke yake. Mkiniuliza pesa itoke wapi, nitawajibu: punguzeni fulana.

Na wewe msee unayesoma hii ukiwa kwa stage Oyugis ama kwa kibanda Awendo, fanya kitu kimoja leo. Fungua Google. Andika shida moja ya mtaa wenu, vile ungeiandika ukiwa umeshikwa na hofu, na uweke jina la mji wenu. Angalia ni nani anajibu.

Ukiona hakuna wa kwetu, usiniandikie kwamba ni huzuni. Tafuta kikundi kinachofanya hiyo kazi, uwaonyeshe simu yako, halafu uwaambie bei yako.

Mimi narudi Rongo wiki ijayo. Mama mwenyekiti amekubali tujaribu tena, na safari hii ameniuliza nitalipwa ngapi.